Wezi wa Wakati na Kilio cha Awino

Vijana wa meza ya sauti, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nashukuru, lakini nawashuku pia. Mtu haulizi kumbukumbu za mstaafu bure bure. Pengine mnataka tu kujua nilikoficha waya nzuri. Ziko kabati la chini, nyuma ya pazia kuukuu, na nazijua moja moja. Haya, tuendelee.

Mimi ni mtoto wa Kaloleni, hapa hapa Kisumu. Baba alikuwa na asili ya pwani, mama Mjaluo aliyesilimu, kwa hivyo nyumbani tuligombana kwa Kiswahili tukapatana kwa Dholuo. Siku ya kwanza niliporipoti kwenye kituo cha redio nilivaa viatu vya kisigino kirefu, maana nilidhani naenda ofisini. Fundi mkuu, Mzee Barasa, alinitazama miguu kabla ya uso. "Vua hivyo," akasema. "Sakafu ya mbao inalia, na maikrofoni haina siri." Nikafanya kazi peku mwezi mzima. Wenzangu wa kike waliokuwa kwa taipureta walinicheka, na mimi nikawaacha wacheke.

Siku hizo sauti ilikuwa kitu cha kushika. Ilikuwa utepe wa kahawia uliozungushwa kwenye gurudumu, unaulaza kwenye kibao chenye mfereji, unakata kwa wembe mshazari, unaunga kwa gundi ya karatasi. Nyinyi mkikosea mnabonyeza mnarudi nyuma. Sisi tukikosea tulipiga magoti chini ya meza tukitafuta neno la waziri.

Somo la kwanza la Mzee Barasa halikuwa la wembe. Alinikalisha mbele ya saa ya ukutani, akanifumbisha macho, akaniambia niyafungue nikiona dakika imepita. Nikakaa, nikakaa, wallahi nikaona nimezeeka. Nilipofungua, mshale ulikuwa haujafika hata nusu. Mzee akacheka hadi akakohoa. "Umeona? Kichwani mwako mna saa, lakini ni saa ya mlevi. Ukimpa mtu kimya, inakimbia. Ukimpa kitu kinachojirudia, inalala. Msikilizaji hajui. Wewe lazima ujue."

Somo la pili lilinitia shaka ambayo haijanitoka mpaka leo. Mheshimiwa mmoja alikuja kurekodi hotuba. Alikuwa mtu wa kusema maneno matatu, kisha anatulia kama anatafuna muwa. Hotuba ikawa ndefu kuliko nafasi ya kipindi. Mzee Barasa akachukua wembe, akaondoa zile pumzi, moja baada ya nyingine, ikaenea sawasawa. Kesho yake mheshimiwa akaja amefura. "Mmenifanya nionekane nina hasira! Wapiga kura wangu wananiuliza nani amenikasirisha!" Mzee akampigia utepe mbele ya hotuba yake iliyoandikwa, neno kwa neno. Hakuna lililopotea. Mheshimiwa akaondoka akijikuna kichwa. Mimi nikauliza, kwani tumemfanya nini? "Tumemnyima kupumua," akasema Mzee Barasa, akaenda kunywa chai.

Fikirini hilo vizuri. Mtu hakuguswa neno lake hata moja, na bado alisikika mtu mwingine. Tangu hapo sijawahi kumwamini yeyote aliyeshika mashine ya sauti, Mzee Barasa akiwemo, Mungu amrehemu.

Baadaye nilihamia kwenye ukumbi wa muziki mnaoujua, na huko ndiko nilikokutana na hawa wanamuziki wa majaribio. Jina hilo lenyewe nililishuku. Mpishi akikuambia chakula hiki ni cha majaribio, utakula? Wa kwanza walikuwa vijana wawili wenye magitaa. Walipiga kipande kimoja kifupi, kilekile, wote pamoja, tena na tena. Halafu nikasikia mmoja ameanza kumwacha mwenzake, kidogo sana, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja na mmoja anachoka. Nikajua waya imeharibika. Nikatambaa chini ya jukwaa nikibadilisha waya moja baada ya nyingine, na watu wakidhani mimi ni sehemu ya onyesho. Kumbe ndivyo walivyotaka. Walipoachana kabisa zikaanza kusikika nyimbo ambazo hakuna aliyekuwa akizipiga. Walipokutana tena wakanyamaza, na ukumbi mzima ukabaki unatazamana.

Nikasimama mlangoni nikiwauliza watu wanaotoka: mnadhani imechukua muda gani? Mama mmoja akasema muda wa chai kuchemka. Mumewe, aliyeketi kiti cha pili, akaapa ni saa nzima, na ng'ombe wake hawajakamuliwa. Walianza kubishana pale pale kwenye ngazi. Mwizi wa kuku utamjua kwa manyoya, lakini hawa wanakuibia alasiri yako na unawapigia makofi.

Nasema hivi ili mjue nilikuwa na moyo gani siku Omondi alipokuja.

Omondi alikuwa kijana wa Ahero aliyesomea muziki ng'ambo. Mpole, anasalimia kwa mikono miwili, na hilo nalo nikalitia shaka. Alikuwa anatembea na kompyuta na nyatiti, kile kinanda chetu cha nyuzi nane. Kazi yake ilikuwa kuchukua sauti fupi na kuinyoosha. Neno la kufumba na kufumbua analifanya liwe refu kama safari ya kwenda Bondo, bila sauti kuwa nzito wala nyembamba. Alinionyesha kwa sauti yangu mwenyewe, nilivyosema "karibu". Nilisikia vitu ndani ya hilo neno ambavyo sikuwa nimemkaribisha mtu navyo.

"Mama Swaleh," akaniambia, "natafuta kilio cha zamani. Cha mwanamke. Cha matanga ya kweli, si cha jukwaani."

"Ukishakipata utakifanya nini?"

"Nitakinyoosha. Watu wakae ndani yake."

"Matanga ya mtu si sofa," nikamwambia.

Lakini ng'ambo hawakumfundisha uvivu. Akaulizia, akapelekwa huku na kule, mpaka akampata Apiyo kule Usenge. Apiyo ni mama anayeanika omena, dagaa wa ziwani, ufukweni, na ndani ya sanduku lake, chini ya leso, alikuwa na gurudumu moja la utepe. Mama yake, Awino, alikuwa mwombolezaji aliyejulikana Nyakach yote. Miaka mingi nyuma watu wa redio walimrekodi karibu na Pap Onditi, siku anamlilia kaka yake Owuor, wakaiachia familia nakala moja. Kituo chenyewe kilipohama, tepu zake zilitupwa. Awino alifariki Apiyo akiwa bado mtoto wa kushikwa mkono. Picha hakuna. Sauti hiyo ndiyo iliyobaki, na Apiyo hakuwahi kuisikia, kwa sababu hakuwa na mashine ya kuipiga. Katika Kisumu nzima, mashine iliyokuwa bado inazunguka ilikuwa yangu.

Wakaja wote wawili ukumbini asubuhi moja. Apiyo alikuwa amevaa vizuri, amekumbatia ule utepe kama mtoto anayepelekwa kliniki. Hakumpa Omondi. Alinipa mimi.

"Mama Swaleh, huyu kijana anaongea vizuri sana," akasema. "Watu wa kuongea vizuri wameshanimaliza. Nakuuliza wewe. Hii kitu itaharibika?"

Sikumficha. Utepe wa umri huo ukipita kwenye mashine waweza kubanduka, ukaacha unga wa kahawia na ukimya. Huenda tutaupata mara moja tu, na tukiupata, kompyuta itaushika. Tusipoupata, basi.

Akaugusa utepe mara moja. "Piga. Lakini mimi natoka nje."

"Hutaki kumsikia?" Omondi akauliza.

"Kilio hakisikilizwi na mtu mmoja kwenye chumba, yawa, jamani. Hata wewe ni Mjaluo, si unajua? Nitamsikia siku hiyo, watu wakiwa wamejaa, vile inatakikana." Kisha akanishika mkono. "Lakini wewe utakaa kwa hiyo meza yako. Akimfanya mama yangu kichekesho, au jini, unazima. Unaniahidi?"

Nikamwahidi. Nikausafisha mtambo kwa spiriti, nikaupitisha ule utepe, na alhamdulillahi ulipita. Kilikuwa kilio kifupi, kikali. Niliyazuia machozi kwa sababu Omondi alikuwa ananitazama, na sikutaka aone kwamba jambo lake lina maana. Apiyo aliporudi ndani, utepe nikamrudishia mkononi. Nakala nikaiweka kwenye mashine ya ukumbi na nyingine nikampa Omondi mbele ya macho ya Apiyo, kwa masharti kwamba ataifuta baada ya onyesho. Akakubali upesi. Mtu akikubali upesi, mimi hulala jicho moja likiwa wazi.

Siku ya onyesho ilikuwa Jumapili alasiri. Watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja, na wa Usenge wakaja na Apiyo, wakaketi safu za mbele. Omondi alikaa jukwaani na kompyuta yake, nyatiti pajani. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye meza ya sauti, kidole juu ya kile kitufe cha kutelezesha kinachopandisha na kushusha sauti. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa moja tu: nimshuku.

Akaanza. Sauti ya Awino ikaingia polepole kama maji yanavyoingia shambani kule Kano, huoni yanapoanza, unaona tu miguu imelowa. Haikuwa jini. Haikuwa kichekesho pia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, pana, na ndani yake ungesikia pale alipokaza koo ili asivunjike. Kati ya neno na neno Omondi alikuwa ameacha vimya virefu, virefu mno. Ng'ambo, nasikia, watu hukaa kwenye kimya kama hicho wamefumba macho. Lakini hapa ni Kisumu.

Kwa asiyejua: penye nyatiti na Wajaluo, msikilizaji ana haki ya kuusimamisha muziki. Anainuka, anaweka kitu kidogo kwenye sahani, mpigaji ananyamaza, na yeye anajisifu, anawasifu wazazi wake, kijiji chake, rafiki zake. Huko ndiko kujisifu kunakoitwa pakruok. Muziki hauendelei mpaka aliyeusimamisha aseme uendelee. Awe maskini, awe nani, kwa wakati ule yeye ndiye mwenye wimbo.

Sasa Omondi aliacha kimya. Mzee mmoja wa kofia, safu ya katikati, akaona amepewa nafasi. Akainuka.

"Simamisha hapo! Mimi ndiye dume la Ahero! Mafuriko yakija wengine wanakimbia, mimi napanda juu ya paa na redio yangu, nasikiliza habari za mafuriko!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko na vigelegele. Na katikati ya sifa zake, kompyuta ya Omondi, ambayo haikuwa inajua mila ya mtu, ikaachilia sauti ya Awino juu yake. Watu wakaguna. "Aa! Mtu anajisifu, anaimbiwa juu yake?" mama mmoja akasema kwa sauti. "Hana adabu huyu kijana!" Mzee akaketi amenuna. Nilimwona Omondi ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva kwa aibu, na nakiri nilifurahi kidogo. Nikajiambia, haya, mtaalamu wa wakati, leo umekutana na wenye wakati wao.

Kilio kikaendelea. Kikafika mahali Awino anamwita kaka yake kwa jina. "Owu..." Sauti ikapanda, ikakaa pale juu, haishuki. Hapo ndipo Apiyo aliposimama.

Hakusema simamisha. Aliinua mkono tu. Mimi sikungoja, niliteremsha kitufe mpaka chini, ukumbi ukawa kimya kabisa.

"Mimi ni Apiyo," akasema. Sauti yake haikuhitaji maikrofoni. "Huyo mnasikia ni mama yangu. Awino. Watu walikuwa wanamfuata kutoka mbali, akilia hata mbwa inanyamaza. Mimi sina sifa yangu, mimi naanika omena. Lakini siku hiyo alikuwa amenibeba mgongoni. Shangazi zangu wameniambia. Mimi niko kwa hiyo matanga, niko mgongoni kwake, na sikumbuki kitu. Hata kidogo. Wanasema nililala."

Watu walitulia, wakingoja aseme muziki uendelee. Hakusema. Alibaki amesimama, mkono bado uko juu, macho kwenye spika. Nikamwelewa. Akisema endelea, jina litamalizika, kilio kitamalizika, na mama yake ataondoka tena. Kwa hivyo alimshika pale. Ilikuwa haki yake na hakuna aliyethubutu kumharakisha, hata wale wazee wenye viungo vibovu, hata watoto.

Msiniulize ilichukua muda gani. Saa ilikuwa mbele yangu na nilikataa kuitazama.

Ndipo jambo moja likanipiga kifuani. Nilikuwa nimeshusha sauti, lakini wakati sikuushusha. Kitufe changu hakina nguvu hiyo. Ndani ya kompyuta ya Omondi kilio kilikuwa kinaendelea kukimbia bila kusikika, kama kilivyompita mzee wa kofia. Apiyo alidhani amemshika mama yake, kumbe Awino anampita kimyakimya, na nikipandisha sauti tutakuta mwisho umekwisha, au hakuna kitu kabisa. Nilimwahidi yule mama nitazima, nikazima, na kwa kuzima kwangu nimempotezea kile alichokuja kukitafuta. Nikamtazama Omondi kwa chuki ambayo hata mimi niliisikia mdomoni.

Apiyo akashusha mkono. "Haya," akasema taratibu. "Amalize."

Nikapandisha kitufe. Niliomba dua huku napandisha.

"...or," akasema Awino. Kutoka palepale. Kutoka nusu ileile ya jina la kaka yake, pumzi ileile, ikashuka polepole mpaka chini.

Omondi alikuwa amesimamisha mashine. Mara tu Apiyo alipoinuka alikuwa ameikamata, na muda wote ule alikaa kidole kikiwa juu ya kitufe, hatikisiki, akimngoja mama wa Usenge amruhusu. Sikuwa nimemwona kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kumshuku. Haya, hilo nimelisema, na sitalirudia. Kwa jambo hilo moja niliacha kumshuku. Mengine yote bado. Baada ya onyesho nilisimama juu yake mpaka akafuta nakala yake, na nikamwambia anionyeshe na kapu la takataka la kompyuta.

Lakini kabla ya hapo, kilio kilipokwisha, watu hawakupiga makofi. Walianza kuinuka, kina mama wakajipanga kumshika Apiyo mkono kama inavyofanywa nyumbani penye msiba. Yeye akawapita, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu. Omondi naye akashuka jukwaani, anatweta kama aliyekimbia.

"Ero kamano, kijana," Apiyo akamshukuru. "Umenipa nafasi ya kukaa naye. Sijui kama mtu mwingine angenipa." Kisha akanigeukia. "Sasa mama, ile yake mwenyewe unayo?"

"Ipi?"

"Vile aliimba. Kabla huyu hajaivuta."

"Ninayo. Lakini Apiyo, nakuambia mapema, ni fupi. Fupi sana. Ukishasikia hii, ile..."

"Piga tu."

Nikatangaza kwenye maikrofoni kwamba tutasikia mara moja tena, kama Awino mwenyewe alivyolia. Waliokuwa mlangoni wakageuka, waliosimama wakaanza kutafuta viti, mzee wa kofia akavua kofia. Nikabonyeza. Awino akatoka kwenye spika anakimbia, maneno yanakanyagana, Owuor anaitwa na kupitwa, anaitwa tena, sauti inapanda inakatika, kwisha. Ilikwisha kabla watu hawajamaliza kukaa.

Apiyo alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

"Huyo," akasema, akinipiga begani. "Huyo sasa ndiye. Wote wananiambia mama yako alikuwa mtu wa haraka, hakungoja mtu. Na ni kweli, yawa. Hakungoja."